Rejesho Linatoka Mfuko Gani?

Jijini Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Tandale na Bunju, neno linalomkimbiza mfanyabiashara mdogo asubuhi ni rejesho. "Sikai, nina rejesho," husema mama lishe, na hakuna anayemuuliza zaidi. Mkopo wenyewe, ule wa kurejesha kila siku, mtaani unaitwa kausha damu. Jina hilo si la wakopeshaji. Wao wana majina ya faraja, hasa kwenye simu: Songesha ya M-Pesa, Nivushe ya iliyokuwa Tigo Pesa, Timiza ya Airtel. Vyote ni vitenzi, vyote vinakusukuma mbele. (Ni kweli, "Rejesha" lingekuwa jina gumu kuliuza.)

Kiswahili hutenganisha kuazima na kukopa. Ukiazima sufuria, unarudisha sufuria ileile. Ukikopa unga, ule umeshaliwa, unarudisha mwingine, na huo mwingine lazima utoke mahali fulani. Rejesho linaficha mahali hapo.

Chukua mfano wa laki moja inayorejeshwa 5,000 kwa siku 26. Jumla ni 130,000. Anayekopesha atakwambia riba ni asilimia 30, nawe utaona afadhali. Lakini unaanza kurudisha kesho yake, kwa hiyo kwa wastani unatembea na nusu hivi tu ya laki hiyo. Kwa fedha uliyokaa nayo kweli, gharama inakaribia asilimia 60 kwa mwezi. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, wakopeshaji wasiopokea amana waliwekewa kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mkopeshaji wa mtaani anayekuja na daftari na pikipiki hayumo kwenye orodha hiyo.

Maneno yanayoweza kumtoa mtu kwenye deni tayari yapo sokoni: mtaji na faida. Muuza mihogo anayebakiwa na faida ya 4,000 kwa siku, akidaiwa rejesho la 5,000, ile 1,000 anaimega kwenye mtaji hata kabla hajanunua unga wa nyumbani. Kwa lugha ya sokoni, anakula mtaji. Mtaji ukikatika anakopa tena, na safari hii anakopa ili arejeshe. Kwa hiyo mpango wa fedha ninaouamini hauanzi na neno bajeti, ambalo kwa wengi linanukia Dodoma. Unaanza na daftari la mistari mitatu kila jioni: mtaji wa kesho, faida ya leo, rejesho. Mstari wa tatu ukizidi wa pili, nenda kwa mkopeshaji mapema kuomba muda mrefu na rejesho dogo, wala usichukue mkopo wa pili kuziba wa kwanza.

Kisha kuna njia nyingine ya kutoka kwenye deni: mchezo. Sijui kwa nini jambo zito namna hii tuliliita mchezo, ila linastahili heshima kuliko jina lake. Watu kumi wanatoa 10,000 kila wiki kwa kijumbe, yaani mkusanyaji wao, na kila wiki mmoja anapokea laki nzima. Wote wanasema wanapokea, ilhali anayepata namba ya kwanza amekopa kwa wenzake bila riba, na wa mwisho ameweka akiba bila faida. Mwenye kausha damu akipata namba ya kwanza, anaweza kuimaliza kwa mkupuo kisha akabaki akiwalipa majirani kidogo kidogo. Shida ni kuipata namba hiyo. Vijumbe wengi humpa mgeni namba ya mwisho, hadi ajulikane kuwa si mtu wa kuingia mitini.