Raba Zilizotangulia Maabara

Katikati ya karne iliyopita, aliyetaka kutembea milimani nchini Marekani alishauriwa avae buti za ngozi nene, zenye soli nzito na shingo ndefu ya kukaza kifundo cha mguu. Emma Gatewood alivaa raba.

Alikuwa na umri wa miaka 67, mama wa watoto 11 kutoka mashambani Ohio. Mei 1955 aliondoka mlima Oglethorpe, Georgia, akaifuata njia ya watembeaji ya Appalachian Trail kwenda kaskazini. Mfuko wake wa kitambaa aliushona mwenyewe na kuutupia begani. Hema hakubeba, alikuwa na blanketi na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua. Raba zake za Keds zilikuwa za turubai na mpira. Zililowa vijitoni, zikaliwa na mawe, na jozi moja ilipochakaa alivaa nyingine. Tarehe 25 Septemba alifika kilele cha Katahdin, Maine, baada ya siku 146 na takriban kilomita 3,300. Mwaka 1957 akaitembea tena njia yote.

Wanaomsimulia husifu umri wake, na ni haki yake. Lakini viatu vile vyepesi navyo vina sehemu yao katika ushindi huo. Mwaka 1969 Soule na Goldman, watafiti wa jeshi la Marekani, walionyesha kwamba kilo moja iliyofungwa miguuni hula nguvu mara 4 hadi 6 ya kilo moja ya mwili wenyewe, kutegemea mwendo. Sababu yake iko wazi: kila hatua, mguu huinuliwa, hurushwa mbele, kisha husimamishwa.

Ray Jardine, mhandisi na mpanda miamba, alilishika jambo hilo katika kitabu chake cha 1992 kuhusu njia ya watembeaji ya Pacific Crest Trail, akihimiza watembeaji wavae viatu vya kukimbilia.

Hofu iliyobaki ilikuwa kuteguka kifundo cha mguu. Utafiti wa 1993 uliolinganisha viatu virefu na vifupi kwa wachezaji wa mpira wa kikapu haukuona tofauti ya maana. Hata hivyo, uwanja wa kikapu ni tambarare. Mwenye mzigo mkubwa juu ya mawe makali bado anahitaji soli ngumu chini ya wayo, hata kama shingo ya kiatu ni fupi.