Mpango mkakati hupimwa bombani, si kabatini

KATIKA ofisi nyingi za umma nchini hakukosekani kitabu chenye jalada la kupendeza kilichoandikwa Mpango Mkakati. Ndani yake mna dira, dhima, malengo, shabaha na majedwali ya viashiria vya miaka mitano. Wahenga walikwishasema kuwa mipango si matumizi, na swali wanalojiuliza walipa kodi ni lile lile: kitabu hicho kimebadilisha nini katika maisha ya mwananchi?

Wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, ni mahali panapofaa kulitazama swali hilo kwa karibu. Wilaya hiyo ilianzishwa mwaka 1995 baada ya kumegwa kutoka Kwimba, na Sensa ya mwaka 2012 iliikuta na wakazi 351,607. Ndani yake kimo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, kinachojulikana kwa kuzalisha aina za mbegu za pamba. Kipo pia chanzo cha maji cha Ihelele, yanakovutwa maji ya Ziwa Victoria kwenda Shinyanga na Kahama, mradi uliozinduliwa mwaka 2009.

Halmashauri yenye wakulima, wafugaji, wavuvi na wafanyabiashara wa barabarani haiwezi kutimiza mahitaji yote kwa mwaka mmoja. Ni lazima ichague, na kazi ya mpango mkakati ni hiyo ya kuchagua: lipi litangulie, lipi lisubiri, nani awajibike na itajulikanaje kuwa kazi imekamilika.

Fikra hizo zina historia ndefu. Mwaka 1954 mtaalamu wa uongozi Peter Drucker alichapisha nchini Marekani kitabu kilichosisitiza kwamba meneja na walio chini yake wakubaliane malengo mapema, kisha utendaji upimwe kwa malengo hayo. Mwaka 1992 Robert Kaplan na David Norton walipendekeza kadi ya alama inayoitazama taasisi katika pande nne kwa pamoja, yaani fedha, wateja, taratibu za ndani na uwezo wa kujifunza. Hoja yao ilikuwa kwamba hesabu za fedha peke yake hazitoshi kuonyesha afya ya taasisi.

Kati ya nyenzo zote, inayotumika zaidi pengine ni uchambuzi wa nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, maarufu kwa jina la SWOT. Nguvu na udhaifu vimo ndani ya taasisi yenyewe, kama vile idadi ya watumishi au ubovu wa magari. Fursa na vitisho hutoka nje, na taasisi haina mamlaka juu yake.

Kasoro ya kawaida ni kuufanya uchambuzi huo mara moja na kuunakili kila mwaka. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, linaunganisha Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema, na lilifunguliwa rasmi Juni 19, 2025. Kwa wasafiri, wagonjwa na wenye malori, kero ya kusubiri kivuko ilifika mwisho.

Lakini foleni ile ile iliyowachosha wasafiri ndiyo iliyokuwa soko la mama lishe na wachuuzi wa matunda na samaki. Kwa hiyo daraja moja huandikwa katika safu mbili: ni fursa kwa biashara ya wilaya nzima, na ni tishio kwa kipato cha aliyekuwa akiuza kando ya kivuko. Mpango unaoliandika katika safu ya fursa pekee huwasahau watu hao, na ule ulioandikwa kabla ya daraja bila kupitiwa upya huwa unaizungumzia Kigongo isiyokuwapo tena.

Tanzania nayo ilibuni nyenzo yake kwa ajili ya ngazi ya chini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) ilianzisha utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaojulikana kama O&OD. Wananchi huchora ramani ya kijiji chao, huandaa kalenda ya majira inayoonyesha miezi ya njaa, magonjwa na kazi nyingi, kisha huorodhesha rasilimali walizonazo na vikwazo vinavyowazuia kuzitumia.

Mapendekezo hayo hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya mwaka 1982 huwahusisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kutoka hapo huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, na hatimaye Baraza la Madiwani.

Hata hivyo, utaratibu huo ulikumbana na tatizo kubwa. Vijiji viliibua orodha ndefu za madarasa, zahanati, visima na barabara, ilhali ukomo wa bajeti kutoka Hazina ulikuwa mdogo. Wananchi waliokaa vikaoni kwa siku kadhaa hawakuona kilichotendeka, na baadhi yao walianza kuiona mikutano hiyo kuwa ya kupotezeana muda.

Ndiyo maana baadaye ikaja O&OD iliyoboreshwa, iliyoandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo la Kimataifa la Japani (JICA). Msisitizo wake ni jamii kuanza na yale inayoyaweza kwa nguvu zake, na halmashauri kuunga mkono jitihada zilizokwisha kuanza, badala ya kupokea orodha ya maombi tu.

Baada ya kupanga huja kupima, na hapa ndipo taasisi nyingi hujikwaa. Kazi iliyofanyika ni kitu kimoja, na matokeo yake kwa mwananchi ni kitu kingine.

Tuchukue mfano wa kijiji cha kubuni chenye wakazi 2,000. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo kwamba kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, nacho kiwe ndani ya mita 400 kutoka kwenye makazi. Kwa kipimo hicho, kijiji hicho kinahitaji vituo 8.

Baada ya miaka mitatu taarifa inaeleza kuwa vituo vyote 8 vimejengwa, sawa na asilimia 100 ya lengo. Lakini vituo 3 havitoi maji kwa sababu pampu imeharibika na kamati ya maji haina fedha za vipuri. Vituo 5 vilivyobaki, kwa kipimo kile kile, vinatosha watu 1,250, sawa na asilimia 62.5 ya wakazi. Taarifa haikusema uongo, ila ilihesabu mabomba badala ya kuhesabu watu wanaopata maji.

Kosa kama hilo huweza kutokea katika mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo kisheria hutengewa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kiashiria cha fedha zilizotolewa hujaa haraka. Kiashiria cha fedha zilizorejeshwa, na cha biashara zilizo hai baada ya miaka miwili, ndicho kinachoeleza kama mkopo ulisaidia.

Serikali nayo iliwahi kuyafunga matokeo ya tathmini na mgawo wa fedha. Katika mfumo wa ruzuku ya maendeleo ulioanza mwaka wa fedha 2004/05, halmashauri zilikaguliwa kila mwaka kwa masharti ya msingi, yakiwamo ya usimamizi wa fedha na upangaji mipango. Iliyofanya vizuri iliongezewa asilimia 20 ya mgawo wake, na iliyofanya vibaya ilipunguziwa asilimia 20.

Faida yake ilikuwa dhahiri: wakurugenzi na madiwani walikuwa na sababu ya kuweka vitabu sawa. Upungufu wake ni kwamba halmashauri ikipimwa kwa nyaraka, itajitahidi kuwa na nyaraka. Aidha, ruzuku ilipopungua, aliyeumia hakuwa mtumishi aliyezembea, bali mgonjwa aliyesubiri zahanati imaliziwe.

Kwa upande wa watumishi, mwaka 2004 ulianzishwa mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, maarufu kama OPRAS, ambao ulimtaka kila mtumishi akubaliane malengo na msimamizi wake. Mara nyingi fomu zilijazwa kwa kutimiza wajibu tu, hususan muda wa kupandishwa cheo ulipokaribia, na hatimaye mfumo huo ulibadilishwa na ule wa kielektroniki wa PEPMIS. Kompyuta huharakisha kazi, lakini lengo lisilopimika haliwi bora kwa kuingizwa kwenye kompyuta.

Ipo pia dhana potofu kuhusu hati safi ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hati hiyo inaeleza kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa kufuata viwango na hazina dosari kubwa. Haielezi kwamba dawa zipo zahanati, wala kwamba barabara itapitika wakati wa masika. Halmashauri yaweza kupata hati safi na bado ikawa haijafikia malengo ya mpango wake, kwa kuwa hivyo ni vipimo viwili tofauti.

Tiba ya udhaifu huo haihitaji gharama kubwa. Kila lengo liwe na mambo manne: hali ilivyo siku ya kuanza, hali inayotarajiwa, tarehe, na jina la cheo kitakachowajibika. Kauli kama "kuboresha huduma za maji" haipimiki. Kauli kwamba vituo 8 vitatoa maji kila siku ifikapo Juni ya mwaka uliotajwa, na kwamba kamati itakuwa na akiba ya vipuri, humwezesha hata mwanafunzi wa shule ya msingi kwenda na daftari na kurudi na jibu.

Vilevile mpango upitiwe kila mwaka, na mapitio hayo yasiishie kwa maofisa peke yao. Mkutano Mkuu wa Kijiji hupaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi hutakiwa kusomwa. Mkutano huo ni chombo cha tathmini kisichohitaji mshauri wa kulipwa, mradi uitishwe na wananchi wahudhurie.

Mwananchi anayehudhuria anaweza kuuliza maswali matatu tu: mlituahidi nini, kimefanyika nini, na nani ananufaika nacho leo? Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari likishafungiwa kabatini, nalo haliwezi kuizuia mali isipotee.