Wagika na Wagalu: Mashindano ya Ngoma Usukumani

Wagika na Wagalu ni vyama viwili vya ngoma vilivyoanza kushindana Usukumani katika karne ya 19, na wenyeji wa Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, mkoani Simiyu, wanavifahamu hadi leo. Masimulizi ya wazee yanavitaja vyanzo vyake kuwa ni mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha. Kila mmoja alidai kumzidi mwenzake kwa mvuto, na ubishi ukaamuliwa uwanjani. Waliomfuata Ngika wakawa Wagika. Waliomfuata Gumha, Wagalu.

Msimu wa ngoma huja baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, mtama ukiwa ghalani na pamba ikiwa imeuzwa. Kabla ya hapo kazi yote iko mikononi mwa manju, ambaye ni mtunzi, mwimbishaji na mwalimu wa kundi. Kijana mwenye sauti hafiki hapo peke yake: hujiweka chini ya manju mkongwe, akafunzwa kutunga, kuongoza wachezaji na kutumia samba, dawa inayoaminiwa kuvuta watu. Kwa hiyo kila manju ana mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, hadi kwa Ngika au Gumha.

Siku ya mashindano makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, yakiwa yameachana kidogo. Hakuna anayetoa alama. Mtazamaji akichoshwa huku, huhamia kule, na wenye watu wengi mwishoni ndio washindi. Ndiyo maana mbinu ni nyingi. Wachezaji wa bugobogobo, ngoma ya majembe, hurusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza mdundo. Bayeye, wacheza ngoma ya nyoka, huingia na chatu hai, na umati wa upande wa pili huanza kugeuza shingo. Hapo manju anayeachwa hana budi kutoa wimbo mpya aliouficha, tena wenye vijembe vikali kwa mpinzani.

Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement aliyaunganisha mashindano haya na sikukuu ya Ekaristi, na ndiyo asili ya tamasha la Bulabo. Bariadi nayo imepata kuwakutanisha Wagika na Wagalu katika tamasha la Simiyu Jambo, pamoja na mbio za baiskeli.

Tofauti na ngoma hizi, mashindano ya kuimba ya televisheni, kama Bongo Star Search ya Rita Paulsen, yana jopo la majaji, na kura za watazamaji hupigwa kwa simu. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994. Kufikia wakati huo, Usukumani mtazamaji alikuwa ameshakuwa jaji, tena jaji pekee, kwa zaidi ya miaka 100.