Mbwa wa boma hufunzwa kwa zawadi, si kwa bakora

Mimi ni mtu wa Pwani ninayeishi na kufanya biashara Kosele, karibu na Oyugis, Kaunti ya Homa Bay. Huku mbwa ni sehemu ya boma kama vile kuku na ng'ombe. Wajaluo humwita guok, na kazi yake ni kulinda nyumba na mifugo. Kwetu Pwani wengi tumelelewa kumkwepa, lakini wenye mashamba Kilifi na Kwale nao wanafuga mbwa wa ulinzi. Kila nikirudi nyumbani naulizwa: mbwa atiije bila kupigwa? Jibu ni refu kidogo, na lina uhusiano na uhai wa watoto wetu.

Msingi wenyewe

Kiumbe hurudia tendo lililomletea kheri. Mmarekani Edward Thorndike alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa kuwachunguza paka, na baadaye B. F. Skinner akalipanua. Naye Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa akizoea kusikia sauti fulani kabla ya chakula, sauti hiyo peke yake humtoa mate.

Mafunzo ya zawadi yanaunganisha mambo haya mawili. Unachagua neno fupi, mfano "vyema", na kila ukilitamka unampa mbwa kipande cha chakula. Baada ya siku chache neno hilo linakuwa ahadi. Mbwa akifanya unalotaka, unalitamka papo hapo, kisha unatoa chakula. Ukichelewa, mbwa hatajua ni tendo gani lililolipwa.

Namna ya kuanza

Zawadi iwe ndogo, ukubwa wa punje ya hindi, na iwe kitu anachokipenda. Huku Kosele hakuna kinachoshinda omena mkavu. Pwani dagaa watafaa, au maini ya kuku yaliyochemshwa. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika ikawa na ncha kali, wala vitunguu, wala chokoleti, kwa kuwa ni sumu kwake.

Somo la kwanza ni kuja akiitwa. Simama hatua 2 kutoka kwake, mwite mara moja, akija sema "vyema" na umlipe. Ongeza umbali kidogo kidogo. Usimwite kamwe ili umwadhibu, maana siku ya pili hatakuja.

Somo la pili ni kukaa. Inua chakula juu ya pua yake na kukirudisha nyuma taratibu. Kichwa kikiinuka, makalio hushuka. Yakigusa chini, sema neno lako na umlipe. Akishafahamu ndipo uongeze amri. Useme "keti" au "bed piny" ya Kijaluo, kwake ni sawa, mradi watu wote wa nyumba watumie neno moja.

Dakika 5, mara 2 kwa siku, kabla hajala, zinatosha. Akishazoea, punguza malipo: leo mlipe, kesho msifu tu, keshokutwa mlipe tena. Asiyejua zawadi itakuja lini huendelea kujitahidi. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini mbwa mkubwa pia hujifunza. Anahitaji tu siku nyingi zaidi.

Suala la najisi

Ndugu msomaji atauliza kuhusu mate. Katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi Pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Lakini kumfuga kwa ulinzi, mifugo na shamba kumeruhusiwa, na Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inawataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa. Mafunzo haya hayahitaji umguse mbwa. Tupia chakula chini au kwenye sahani yake. Kwa hili yanamfaa Mwislamu kuliko njia ya kumshika na kumsukuma.

Mifano ya karibu

Mkoani Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997, hufunza panya buku pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine. Panya husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula kama vile ndizi. Kwa njia hiyo hujifunza kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipata nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia.

Na hapo bandarini Mombasa, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori limetumia mbwa kunusa pembe za ndovu zinazofichwa kwenye makontena. Kwa mbwa wa kazi hiyo, malipo ni mpira wa kuchezea.

Kwa nini bakora inadhuru

Mbwa anayepigwa hujifunza kumwogopa mwenye fimbo. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa hapo ndipo balaa linapoonekana: mwenye mbwa anamwita, mbwa anakimbilia vichakani, na anabaki bila chanjo. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu ifikapo 2030, na wataalamu wanasema angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili maambukizi yakatike. Mbwa anayekuja akiitwa na kutulia akifungwa kamba ndiye anayechanjwa.

Zawadi haziponyi kila kitu. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayetokwa na povu au kung'ata ovyo, msimkaribie. Mwiteni afisa wa mifugo. Mtu aking'atwa, oshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo akaanze sindano. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kwa hivyo wewe mwenye mbwa langoni, anza leo na somo la kumwita. Gharama yake ni gao moja la dagaa, na siku wachanjaji watakapofika mtaani kwenu mbwa wako atakuwa mstarini pamoja na wengine.