Jina, Rangi na Mkono wa Sonara: Vito vya Mirerani na Tsavo katika Historia ya Mapambo ya Kuagizwa, 1967–2020

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna tanzanaiti na tsavoraiti, vito viwili vya rangi vya Afrika Mashariki, vilivyopata nafasi katika mapambo yanayotengenezwa kwa kuagizwa na mteja mmoja mmoja. Hoja kuu ni kwamba thamani ya kito cha rangi haikamiliki mgodini. Hujengwa kwa hatua: joto, ukataji, jina na usonara. Kwa sehemu kubwa, hatua hizo zilifanyika nje ya kanda.

Usuli

Mvuto wa mawe ya rangi si jambo geni katika upwa wa Afrika Mashariki. Shanga za akiki zilizofukuliwa katika magofu ya miji ya kale, ikiwemo Kilwa, zinahusishwa na karakana za Gujarat. Msamiati nao unashuhudia biashara hiyo: yakuti, zumaridi na feruzi ni maneno yaliyoingia pamoja na bidhaa zenyewe kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Vilevile, masonara wa Lamu, Mombasa na Unguja walizoea kufanya kazi kwa agizo: mteja alipeleka dhahabu yake, akaeleza alitakalo, na pambo likatengenezwa kwa ajili yake peke yake.

Kupatikana na kupewa jina

Mwaka 1967 mawe ya buluu yalionekana Mirerani, kusini mwa Mlima Kilimanjaro. Serikali ya Tanzania inamtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi. Mwaka huohuo Manuel d'Souza alisajili eneo la uchimbaji. Jiwe hilo, ambalo kitaalamu ni aina ya zoisaiti, lilipewa jina la tanzanaiti na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968.

Tsavoraiti ilipitia njia inayofanana. Mjiolojia Campbell Bridges aliikuta kaskazini mashariki mwa Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata tena Taita nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 Tiffany iliitangaza kwa jina linalotokana na Tsavo. Hivyo vito vyote viwili vilibeba majina ya mahali vilikotoka, lakini uamuzi wa kuvipa majina hayo na faida ya kuyatangaza vilikuwa New York.

Kwa nini rangi huhitaji sonara

Almasi nyeupe hupimwa kwa viwango vinavyokubalika kote duniani: uzito, rangi, usafi na mkato. Kito cha rangi hakitulii katika mizani hiyo. Mawe mawili ya uzito mmoja yanaweza kutofautiana sana kwa kina cha rangi, na jicho la mnunuzi ndilo huamua. Kwa sababu hiyo mteja anayetaka pambo lisilo na pacha huvutiwa nacho.

Tanzanaiti inadhihirisha jambo hili. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia, na hugeuka buluu yanapopashwa joto la takribani nyuzi 500 za Selsiasi. Jiwe lilelile huonyesha buluu au zambarau kulingana na upande linakotazamwa. Mkataji ndiye anayechagua upande utakaotawala, mara nyingi kwa kupoteza sehemu ya uzito. Aidha, ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni kati ya 6 na 7, ilhali yakuti hufikia 9. Sonara hulazimika kubuni kikalio kinachoikinga, hasa katika pete. Udhaifu huo wa jiwe ndio unaoongeza thamani ya ufundi.

Sera na mipaka yake

Tanzania ilitaifisha uchimbaji wa Mirerani mwaka 1971, na mwaka 1990 eneo likagawanywa katika vitalu vinne. Mwaka 2010 usafirishaji wa tanzanaiti ghafi inayozidi gramu 1 ulipigwa marufuku, na Aprili 2018 ukuta wa kilomita 24.5 ulizinduliwa kuuzunguka mgodi. Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili, ya kilo 9.27 na 5.1, kwa takribani shilingi bilioni 7.7.

Hatua hizi zililinda jiwe na kumnufaisha mchimbaji. Hata hivyo, ukuta huzuia utoroshaji, haufundishi ukataji. Jaipur nchini India ilijijenga kuwa kitovu cha kukata tanzanaiti pasipo kuwa na mgodi hata mmoja wa jiwe hilo.

Hitimisho

Tanzanaiti huchimbwa kibiashara Mirerani pekee, na akiba yake ina kikomo. Kila jiwe linaloondoka kabla ya kukatwa huondoka na fursa ya ujuzi isiyorudi. Kituo cha Jemolojia cha Arusha na kile cha vito cha Voi vinaweza kuwa mwanzo wa mabadiliko, iwapo mafunzo ya ukataji yataunganishwa na usonara wa kuagizwa ambao miji ya pwani imeujua kwa karne nyingi. Historia inaonyesha kwamba mwenye jiwe hupata bei ya siku moja. Mwenye jina na mkono hupata soko.