Unataka kuunda upinde wako wa kwanza wa shabaha? Soma hii kabla hujatoa hela

Milimita 4.9. Hiyo ndiyo tofauti iliyoamua medali ya dhahabu ya wanaume katika mchezo wa upinde kwenye Olimpiki ya Paris, Agosti 2024. Kim Woojin wa Korea Kusini na Brady Ellison wa Marekani walitoka sare, wakapewa mshale mmoja mmoja wa kuamua, na wote wawili wakapiga 10. Wa Kim ulikuwa karibu zaidi na kitovu.

Siku chache kabla ya hapo, Kim huyohuyo alikutana na Israel Madaye wa Chad. Madaye alipoteza, na mshale wake mmoja ulipata alama 1 tu. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Watu walicheka kwanza, kisha wakaanza kumpigia makofi mtu aliyefika huko kutoka nchi ambako mchezo huu hauna vifaa wala walimu wa kutosha.

Kwa Afrika Mashariki, upinde si kitu kigeni. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania bado wanawinda nao. Kenya nayo iliwakilishwa Rio 2016 na Shehzana Anwar, ambaye ndiye aliyebeba bendera ya nchi siku ya ufunguzi. Ila upinde wa mashindano ni mashine nyingine kabisa: unanunuliwa vipande vipande na kuungwa na mwenyewe.

Na hapo ndipo wengi wanapoteza hela. Wengine wanaumia bega.

Hivi ndivyo vya kuzingatia kama ni mara yako ya kwanza.

1. Jua jicho lako kabla ya mkono wako

Upinde una upande. Wa mkono wa kulia unashikwa kwa mkono wa kushoto na kuvutwa kwa wa kulia. Lakini kinachoamua zaidi ni jicho lenye nguvu, sio mkono unaoandikia.

Jipime hivi: nyoosha mikono mbele, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kupitia hapo kwa macho yote mawili. Sasa funga jicho moja, kisha lingine. Jicho linaloendelea kukiona kile kitu ndilo jicho lako la kulengea. Ukikosea hapa, mpini ulionunua hautakufaa, na hauwezi kugeuzwa.

2. Pima urefu wa mvuto wako

Simama ukutani, nyoosha mikono pembeni kama msalaba, mtu akupime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Gawanya kwa 2.5. Mtu mwenye sentimita 175 anapata sentimita 70, yaani kama inchi 27 na nusu.

Namba hiyo ni ya kuanzia tu, lakini ndiyo inayochagua ukubwa wa upinde. Mpini wa inchi 25 ukifungwa mikono mifupi unatoa upinde wa inchi 66, mikono ya kati 68, na mirefu 70. Kwa kawaida mwenye mvuto wa chini ya inchi 27 huanza na 66, wa 27 hadi 29 huchukua 68, na anayezidi hapo 70.

3. Acha ubishi na uzito

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kijana mwenye kifua kizuri anaona pauni 40 ni kawaida, kwa sababu wanaume wa Olimpiki wanavuta kati ya 40 na 50 na zaidi. Anasahau kuwa wale wanafyatua mamia ya mishale kwa siku, na walipanda taratibu kwa miaka.

Mtu mzima anayeanza anatosheka na pauni 16 hadi 24. Mtoto, chini ya hapo. Uzito mkubwa hauongezi shabaha. Unafundisha mwili kudanganya: bega linapanda, mgongo unapinda, na baada ya wiki kadhaa unaanza kusikia maumivu ya bega ambayo hayaondoki kwa kuchuliwa.

Jaribio rahisi: elekeza upinde kwenye shabaha, uvute bila kuuinua juu, ushikilie sekunde 10, kisha uurudishe polepole. Ukitetemeka, ni mzito kwako. Hakuna mjadala.

Kumbuka pia kwamba namba iliyoandikwa kwenye mikono imepimwa kwa mvuto wa inchi 28. Kila inchi inayopungua inaondoa takribani pauni 2. Mikono ya pauni 20 mikononi mwa mtu wa inchi 26 inakuwa kama 16.

4. Weka hela kwenye mpini, bana kwenye mikono ya upinde

Pinde nyingi za mashindano leo zinatumia mfumo mmoja wa kuunganisha unaojulikana kama ILF, uliotokana na kazi ya kampuni ya Hoyt. Faida yake ni kwamba mikono ya kampuni moja inaingia kwenye mpini wa kampuni nyingine. Uliza hilo dukani kabla ya kulipa, kwa sababu pinde nyingi za bei rahisi zinafungwa kwa boliti na hazifuati mfumo huo.

Mpini mzuri unaweza kukaa nao miaka kumi. Mikono utaibadilisha ndani ya miezi, kila nguvu inapoongezeka. Kwa hiyo mikono ya kwanza iwe ya bei nafuu, au uazime kwenye klabu.

Vya mtumba? Mpini wa chuma wa mtumba mara nyingi hauna shida. Angalia nyufa na nyuzi za boliti. Mikono ya mtumba inahitaji macho zaidi: itazame kwa urefu kama imepinda, na pitisha kidole pembeni kutafuta sehemu iliyoanza kuachana. Ukikuta, rudisha.

5. Mishale inaendana na wewe, sio na rafiki yako

Kila mshale una ugumu wake. Namba inachanganya wengi: kubwa ina maana mshale ni laini zaidi. Mshale wa 1000 unapinda kuliko wa 600. Upinde mwepesi unataka mshale laini.

Anayeanza anaachiwa mishale mirefu kidogo, angalau inchi 1 hadi 2 mbele ya mvuto wake. Hii sio urembo. Mshale mfupi unaweza kurudi nyuma ya kishikio chake wakati unavuta, na ukiuachia hapo unaingia mkononi mwako.

Mishale ya kaboni ikunje taratibu na kuizungusha kabla ya kila zoezi. Ukisikia mlio au ukiona ufa, ivunje na uitupe. Usimpe mtoto achezee.

6. Kuunga: fuata mpangilio huu

Ingiza mikono kwenye mpini, wa juu juu na wa chini chini. Uzi upandishe kwa kamba maalumu ya kupandishia, sio kwa kupitisha mguu katikati ya upinde. Njia ya mguu ndiyo inayopindisha mikono, na mkono ukichomoka unaweza kukupiga usoni.

Kisha simama nyuma ya upinde. Uzi unatakiwa kupita katikati kabisa ya mkono wa juu, mpini na mkono wa chini. Usipopita hapo, rekebisha kwanza; mengine yote yanasimama juu ya hili.

Pima umbali kutoka kwenye uzi hadi kwenye shingo ya mpini. Kwa upinde wa inchi 68, inchi 8 na nusu hadi 9 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukitaka kuongeza, teremsha uzi, usokote zaidi na uupandishe tena. Ukitaka kupunguza, usokotoe.

Boliti za mikono usizilegeze kupita kiwango cha mtengenezaji. Boliti iliyoshika nyuzi chache inaweza kuachia ukiwa umevuta.

Mwisho bandika kishikio cha mshale, na funga alama kwenye uzi pale mshale unapokaa, milimita chache juu ya mstari ulionyooka.

7. Kamwe usifyatue bila mshale

Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi kwenye mikono ya upinde. Inaweza kupasuka mara moja, au ikapata ufa usioonekana na kupasuka wiki ijayo mbele ya uso wako. Mtu akikushikia upinde na kuanza kuuvuta kwa utani, mnyang'anye kwa upole.

8. Vya kununua, na vya kuacha

Nunua mapema: kinga ya vidole, kinga ya mkono, kamba ya kupandishia uzi, na podo la kiunoni. Kinga ya kifua nayo ni ya bei ndogo.

Acha kwanza: fimbo za kutuliza upinde, kifaa cha kulengea cha bei mbaya, na kile kibati kinacholia "klik" mshale ukifika mwisho wa mvuto. Kibati hicho kinamsaidia mtu ambaye mvuto wake umeshatulia. Kwa anayeanza kinaleta presha tu.

Kama unaagiza nje, ulizia ushuru na gharama ya usafiri kabla ya kulipa. Mara nyingi vipande vitano kutoka maduka matano vinaishia kuwa ghali kuliko oda moja.

Utajuaje umeunga vizuri?

Baada ya wiki kadhaa, mishale yako ikianza kukusanyika, fanya jaribio la mita 18. Piga mitatu yenye manyoya, kisha miwili isiyo na manyoya. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale mtupu ukienda kushoto ya mingine, mishale yako ni migumu; ukienda kulia, ni laini. Ukitua juu, ile alama ya kwenye uzi iko chini mno. Ukitua chini, iko juu mno.

Rekebisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na uandike kwenye daftari. Siku uzi ukikatika, daftari hilo ndilo litakalokurudishia upinde wako.

Halafu tafuta uwanja wenye ukingo wa udongo nyuma ya shabaha, ambako hakuna njia ya watu, na mtu wa kukutazama ukipiga. Kwenye Olimpiki shabaha iko mita 70, na duara la alama 10 lina upana wa sentimita 12.2, karibu sawa na CD. Wewe anza mita 10. Hata hapo, upinde mwepesi ulioungwa sawasawa utakufundisha mengi kuliko mzito uliokushinda kuuvuta.