BebaPay haikuuawa na makanga peke yao

Kila BebaPay ikitajwa, lazima mtu aseme makanga ndio waliiua. Hapana, hebu tuangalie vizuri.

Mwaka wa 2013 Google na Equity Bank zilituletea kadi hiyo ya nauli. Unaijaza pesa, unagusa simu ya makanga, umelipa. Serikali nayo ikaagiza matatu ziache pesa taslimu kuanzia Julai 1, 2014. Kufikia Machi 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa.

Shida ilikuwa kwa muundo. Pesa ya kadi iliingia kwa akaunti ya mwenye gari. Sasa makanga aweke mafuta na nini? Alipe watu wa steji na nini? Na abiria, ambaye M-Pesa iko mfukoni tangu 2007, abebe kadi nyingine ya nauli tu? Ya nini?

Leo kutoka Mashuuru hadi Kitengela wengi wanalipa kwa simu, bila kulazimishwa na yeyote. Kwa hivyo msiniambie Wakenya walikataa teknolojia. Walikataa kadi iliyomfikiria mwenye gari, ikawasahau wawili wanaopeana nauli. Wewe unayeunda programu yako sahii, anza na hao wawili.